Miaka ya Utumishi Imfuate Askari Anapohama Kikosi

Askari anapopewa amri ya kuhama, kazi yake ya kwanza ni kwenda bohari. Huko hurudisha bunduki na risasi alizokabidhiwa, hurudisha blanketi, kofia ya chuma na kila kitu kilichoandikwa kwa jina lake. Mtunza bohari hukagua kimoja kimoja na kutia alama katika daftari, na kama kuna kilichopungua, askari ataulizwa kilikokwenda. Ndipo karatasi hutiwa sahihi, na askari huondoka kwenda kuripoti kikosi kipya akiwa hana deni.

Utaratibu huo ni mzuri, nasi hatuna nia ya kuulaumu. Tunachouliza ni hiki: ikiwa mali ya kikosi huhesabiwa kwa uangalifu wa namna hiyo siku askari anapohama, ni nani anayehesabu mali ya askari mwenyewe? Maana askari naye ana mali yake aliyoichuma katika kikosi anachokiacha. Mali hiyo ni miaka yake ya utumishi, pamoja na michango iliyotolewa kwa jina lake mwezi hata mwezi kwa ajili ya pensheni. Haionekani kwa macho wala haishikiki mkononi, na kwa sababu hiyo ni rahisi kusahauliwa. Husahauliwa kimya kimya, wala hakuna anayelalamika, mpaka siku ile mwenyewe atakapokuwa mzee amesimama mbele ya dirisha la karani akiomba haki yake.

Hapa Kigali, safari ya kutoka makao makuu ya Jeshi, Kimihurura, hadi makao makuu ya Polisi, Kacyiru, haimchukui mtu saa nzima kwa miguu. Lakini miaka ya utumishi ya mtu aliyehama kutoka chombo kimoja kwenda kingine isipoandikwa vizuri, safari hiyo fupi yaweza kuichukua maisha yake yote isifike.

Tunalileta jambo hili mbele ya wasomaji wetu sasa kwa sababu wakati wake umewadia. Polisi ya Taifa ya Rwanda iliundwa kwa Sheria Nambari 09/2000 ya tarehe 16 Juni 2000. Kabla ya siku hiyo kazi ya kulinda usalama wa raia ilikuwa imegawanywa katika vyombo vitatu. Kulikuwa na Jandarmeri ya Taifa, iliyoundwa mwaka 1974 na kuwekwa chini ya Wizara ya Ulinzi. Kulikuwa na Polisi ya Komini, ambayo askari wake waliajiriwa na komini walizozitumikia, na mambo yao yakasimamiwa kwa upande wa Wizara ya Mambo ya Ndani. Na kulikuwa na polisi wa upelelezi wa makosa, waliokuwa chini ya Wizara ya Sheria. Sheria ya mwaka 2000 iliviunganisha vyombo hivyo vitatu kuwa chombo kimoja chenye amri moja.

Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 25 siku ile sasa ametimiza miaka 50 au ameivuka. Kwa maneno mengine, kizazi kile kilichohama kwa pamoja kutoka vyombo vitatu kuingia kimoja ndicho kilichoanza kukaribia mlango wa kustaafu, na wengine wamekwisha kuupita. Swali ambalo mwaka 2000 halikuwa na haraka, leo lina haraka: je, ile miaka waliyoitumikia kabla ya Juni 2000 imo katika hesabu yao?

Ili msomaji aone uzito wa swali hilo, yampasa kwanza aelewe jinsi hesabu yenyewe inavyokwenda. Nchi yetu ilikuwa na mfuko wa hifadhi ya jamii tangu mwaka 1962, ule ambao wakongwe wangali wakiuita Caisse Sociale. Taratibu zake zilipangwa upya kwa amri ya kisheria ya Agosti 1974, zikarekebishwa mwaka 2003, na mwaka 2010 mfuko huo ukaunganishwa na ule wa bima ya matibabu ya watumishi, RAMA, ikazaliwa Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda, RSSB. Mwaka 2015 ikatungwa sheria mpya ya mifuko ya pensheni. Nguzo moja ya mfuko wa lazima ni hii: mtu hapati pensheni ya uzeeni ya kila mwezi mpaka awe ametimiza miaka 15 ya michango, yaani miezi 180. Aliyepungukiwa hulipwa fedha za mara moja, na mambo yake na mfuko huishia hapo.

Anayetimiza miaka 15 hupata asilimia 30 ya wastani wa mshahara wake wa miaka ya mwisho, na kwa kila miezi 12 inayozidi ile 180 huongezewa asilimia 2. Ndiyo kusema, miaka 20 humpa asilimia 40, miaka 25 asilimia 50, na miaka 30 asilimia 60.

Sasa tuchukue mfano. Mtu alitumikia Jandarmeri miaka 9, kisha akatumikia Polisi miaka 11. Akihesabiwa kwa pamoja, ana miaka 20, naye atapokea asilimia 40 kila mwezi hadi mwisho wa uhai wake. Lakini ile miaka 9 ikipotea njiani, amebaki na miaka 11 tu, na miaka 11 haifiki 15. Hatapata pensheni ndogo zaidi, kama watu wengi wanavyodhani. Hatapata pensheni ya kila mwezi kabisa. Atapewa fedha za mara moja, zitajenga ukuta wa upande mmoja wa nyumba au kulipa karo ya mwaka, na baada ya hapo ataishi kwa kuwategemea watoto. Mtu yule yule, jasho lile lile, na tofauti yote imetokana na karatasi iliyoandikwa au isiyoandikwa.

Tuchukue mfano wa pili, wa mtu ambaye hali yake si mbaya kiasi hicho. Huyu alitumikia komini miaka 6, kisha Polisi ya Taifa miaka 24. Kwa jumla ana miaka 30, na haki yake ni asilimia 60. Ile 6 ya mwanzo ikisahauliwa, atapata asilimia 48. Hatalala njaa, na huenda asijue kwamba kuna kitu kilichopungua. Lakini kama wastani wa mshahara wake ulikuwa faranga 100,000, basi kila mwezi anapoteza faranga 12,000, na kila mwaka faranga 144,000. Hasara hiyo haiishii kwake, kwani pensheni ya mjane na ya mayatima nayo hutokana na hesabu hiyo hiyo. Hasara aliyoipata marehemu hurithiwa na watoto wake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika jambo hili methali hiyo si pambo la maneno, bali ni maelezo kamili ya tatizo lilivyo.

Yatupasa tuwe wa haki na kusema kwamba Rwanda ina msingi ambao nchi nyingi hazinao. Sheria yetu ya pensheni imeweka mfuko mmoja wa lazima kwa wafanyakazi walio chini ya sheria ya kazi na kwa watumishi wa umma pia, pamoja na wale wenye sheria zao maalumu za utumishi. Mtu anapohama kutoka chombo kimoja cha Serikali kwenda kingine, hahitaji kuzihamisha fedha zake kutoka sanduku moja kwenda jingine. Sanduku ni lile lile. Ndugu zetu wa Tanzania walifika huko, kwa upande wa watumishi wa umma, mwaka 2018 tu, ilipotungwa sheria ya kuunganisha mifuko minne, yaani PSPF, LAPF, PPF na GEPF, kuwa mfuko mmoja wa PSSSF. Kenya nayo ilianza tarehe 1 Januari 2021 mpango mpya wa pensheni kwa watumishi wa umma, wakiwamo polisi, ambao mtumishi alianza kukatwa asilimia 2 mwaka wa kwanza, asilimia 5 mwaka wa pili na asilimia 7.5 kuanzia mwaka wa tatu, nayo Serikali ikamwekea asilimia 15. Katika mpango wa namna hiyo kila mtu ana akaunti yake, na akaunti hiyo ni yake popote atakapopelekwa.

Basi kwetu tatizo si sanduku. Tatizo ni daftari. Sanduku moja halimsaidii mtu ambaye jina lake halikuandikwa, au liliandikwa mara mbili kama kwamba ni watu wawili.

Tuanze na wale wa komini, kwa kuwa ndio wenye safari ndefu kuliko wote. Mwajiri wao ilikuwa komini. Komini hizo zilikuwa 154. Mwaka 2001 zilipangwa upya zikawa wilaya na miji 106, na mwaka 2006 hizo nazo zikapangwa upya zikawa wilaya 30. Kwa hiyo mtu aliyeajiriwa na komini mwaka 1996 amekwisha kumpoteza mwajiri wake wa kwanza mara tatu: mara ya kwanza yeye mwenyewe alipoingia Polisi ya Taifa, mara ya pili komini ilipofutwa, na mara ya tatu wilaya iliyoirithi ilipofutwa nayo. Atakapotaka ushahidi kwamba michango yake ilipelekwa, aende kubisha hodi wapi? Na kwa waliotumikia kabla ya 1994, kila mmoja wetu anajua jinsi nyaraka za ofisi nyingi zilivyochomwa, zilivyoporwa na zilivyotupwa katika siku zile za msiba mkuu wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi.

Lipo pia jambo la majina. Sisi Wanyarwanda hatuna desturi ya baba na watoto wake kubeba jina moja la ukoo. Mtu ana jina lake la Kinyarwanda na jina la ubatizo au la Kiislamu, na katika orodha moja ya mishahara karani alitanguliza hili, katika orodha nyingine akatanguliza lile, na katika ya tatu akalifupisha lile la pili kwa herufi moja. Mwaka wa kuzaliwa nao ulikadiriwa mara nyingi. Orodha za zamani hazikuwa na nambari ya kitambulisho cha taifa yenye tarakimu 16 ambayo leo hutuondolea utata wa namna hii. Matokeo yake ni kwamba mtu mmoja anaweza kuonekana katika vitabu kama watu wawili, mmoja mwenye miaka 7 na mwingine mwenye miaka 13, na wote wawili hawajafikisha 15.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya wazee peke yao. Uhamisho kati ya vyombo unaendelea. Sheria ya tarehe 7 Aprili 2017 iliunda Idara ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, ambayo mwaka 2018 ilianza kazi na kuichukua ile kazi ya upelelezi wa makosa iliyokuwa ya Polisi. Kabla ya hapo, mwaka 2010, Idara ya Magereza ilikuwa imekwisha kuunganishwa na ile iliyosimamia kazi za manufaa ya umma, TIG, ikawa RCS. Jeshini kwetu pia watu hustaafu au humaliza mikataba yao kila mwaka. Mwezi Agosti 2023 pekee majenerali 12 walistaafishwa kwa siku moja, pamoja na maofisa na askari wengine wengi. Wengi wa wanaoondoka jeshini wangali na nguvu, nao huanza kazi ya pili katika idara nyingine au katika kampuni. Kwa hiyo hata kijana anayemaliza mafunzo leo Gako au Gishari ajue kwamba huenda akavaa sare mbili au tatu kabla ya kuzeeka.

Tena fedha zinazohusika sasa ni nyingi kuliko zamani. Kwa miaka mingi mchango wa pensheni katika mfuko wa lazima ulikuwa asilimia 6 ya mshahara unaohesabiwa, nusu ikitoka kwa mfanyakazi na nusu kwa mwajiri. Kuanzia Januari 2025 ulipandishwa kuwa asilimia 12, tena nusu kwa nusu, na mpango uliotangazwa wakati huo ni kwamba kuanzia 2027 uongezwe asilimia 2 kila mwaka hadi ufike asilimia 20 mwaka 2030. Mwezi mmoja uliosahauliwa katika uhamisho una gharama kubwa zaidi kwa askari wa leo kuliko kwa baba yake.

Wapo watakaosema kwamba askari hakuingia kazini kwa ajili ya pensheni, na kwamba si vizuri mtu aliyeapa kulifia taifa kuanza kuhesabu asilimia. Sisi tunawaheshimu wasemao hivyo, lakini hatukubaliani nao. Askari aliye lindoni mpakani usiku, au aliyetumwa katika ulinzi wa amani mbali na nyumbani, anaweza kuukaza moyo wake kwa kazi kwa sababu anajua kwamba nyumbani mambo yake yana mtu wa kuyaangalia. Mchumia juani hulia kivulini, na ni wajibu wa taifa kuhakikisha kwamba kivuli kipo. Anayeanza kuogopa uzee wake akiwa bado na bunduki mkononi, huyo ndiye aliye hatarini kushawishika kwa hongo na mambo mengine ya aibu.

Wengine watasema, na hoja yao ina uzito zaidi, kwamba si haki kikosi kipya kubebeshwa gharama ya miaka ambayo mtu alikitumikia kikosi kingine. Jibu letu ni kwamba miaka hiyo haikuwa ya kikosi. Jandarmeri haikuwa na vita vyake wala komini haikuwa na taifa lake. Wote walilitumikia taifa moja la Rwanda. Pale ambapo mchango ulikatwa kwa askari na haukufika mfukoni kwa sababu mwajiri aliyefutwa hakuupeleka, kosa halikuwa la askari. Yeye hakuwa na uwezo wa kumfuata karani hadi ofisi ya mfuko. Mwajiri akifa hurithiwa, naye mrithi hurithi mali pamoja na madeni.

Katika jambo hili yafaa tutazame yaliyowapata wengine. Ubelgiji, ambayo mfumo wake wa polisi ulifanana kwa umbo na wetu wa zamani, nayo ilikuwa na Jandarmeri, polisi wa manispaa na polisi wa upelelezi wa mahakama. Kwa sheria ya tarehe 7 Desemba 1998 iliamua kuviunganisha vyombo hivyo kuwa polisi mmoja wa ngazi mbili, na mwaka 2002 ikaunda mfuko wa pensheni wa polisi hao. Miaka ya utumishi waliibeba. Lakini walibeba pia tofauti za zamani: baadhi yao, hasa waliotoka Jandarmeri, waliendelea kuwa na haki ya kustaafu mapema kuliko wenzao waliovaa sare ile ile na kufanya kazi ile ile. Manung'uniko yalidumu mpaka Julai 2014, Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilipoondoa upendeleo huo, na watu waliokuwa wamekwisha kupanga maisha yao wakajikuta hawana njia. Funzo tunalolipata ni kwamba miaka ibebwe yote, lakini kanuni za chombo kipya ziwe moja kwa wote, na zielezwe siku ya kwanza.

Funzo jingine, na hilo ni chungu zaidi, liko karibu nasi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wake wa reli, bandari, posta na ndege walijikuta mwajiri wao ametoweka. Ilichukua miaka 7 mpaka Kenya, Tanzania na Uganda zikatia sahihi mapatano ya kugawana mali na madeni mjini Arusha tarehe 14 Mei 1984, ambapo kila nchi ilikubali kuwalipa pensheni raia wake. Hata hivyo, katika Tanzania madai ya wazee hao yalikuwa bado mahakamani miaka ya 2000, na mapatano ya kuyamaliza nje ya mahakama yalifikiwa mwaka 2005. Wengi hawakuyaona. Hayo ndiyo yanayotokea miaka ya utumishi inapoachwa bila mwenyewe. Deni halifi, bali wadai ndio wanaokufa.

Rwanda iliingia katika Jumuiya mpya tarehe 1 Julai 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inazungumzia haki ya mfanyakazi anayevuka mpaka kupata hifadhi ya jamii. Kabla ya hapo, ndani ya Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, Rwanda, Burundi na Zaire zilikuwa zimefanya mkataba wa hifadhi ya jamii mwaka 1978, ili mtu aliyefanya kazi katika nchi hizo ahesabiwe vipindi vyake kwa pamoja. Wazo si geni katika eneo letu. Kama nchi jirani ziliweza kuafikiana kwamba mwaka wa kazi uliofanywa Bujumbura uhesabiwe Kigali, hatuoni ni vipi mwaka wa kazi uliofanywa Kimihurura ushindwe kuhesabiwa Kacyiru.

Kwa hiyo basi tunapendekeza mambo manne.

La kwanza, amri ya uhamisho kati ya chombo na chombo isihesabiwe kuwa imekamilika mpaka iambatane na taarifa ya michango ya askari, yenye jina lake kamili, nambari ya kitambulisho, nambari yake ya mfuko, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka na idadi ya miezi iliyolipiwa. Taarifa hiyo itiwe sahihi na pande tatu: kikosi anachokiacha, kikosi anachokiingia, na askari mwenyewe. Kama bohari inaweza kutoa karatasi kwa ajili ya blanketi, ofisi ya mishahara haishindwi kutoa karatasi kwa ajili ya miaka 12.

La pili, wale wote walioingia Polisi ya Taifa kutoka vyombo vitatu vya zamani na ambao hawajastaafu waitwe kwa zamu, wilaya kwa wilaya, wahakiki kumbukumbu zao sasa, wakati makamanda na makarani wa siku zile wangali hai. Ushahidi wa afande aliyekuongoza mwaka 1997 leo unapatikana kwa simu; baada ya miaka 10 utautafuta makaburini. Waliokwisha kustaafu nao wapewe nafasi ya kuomba hesabu yao ipitiwe upya.

La tatu, pale ambapo orodha za mishahara hazipo kwa sababu ziliangamia, uwekwe utaratibu ulio wazi wa kukubali ushahidi mwingine: barua ya ajira, kitabu cha akiba, hati ya kupandishwa cheo, au maelezo ya mashahidi yaliyothibitishwa na kamanda. Na pale ilipothibitika kwamba mtu alitumikia kweli lakini michango haikufika, Serikali na mfuko viamue kwa pamoja ni nani atakayeijaza, wasimwachie mzee huyo kazi ya kuwasuluhisha.

La nne, mafunzo ya uongozi kwa maofisa wadogo na wakuu wa vikosi yawe na somo la mambo haya. Ofisa anayejua kumfundisha askari kulenga shabaha lakini hajui kumweleza kwa nini miezi 180 si sawa na miezi 179, bado hajawajua vizuri watu wake.

Lakini tusimwachie kamanda kila kitu. Wewe mwenyewe, ndugu askari, una wajibu wako. Usingoje mwaka wa mwisho. Omba taarifa yako ya michango, uisome, uilinganishe na miaka uliyotumikia. Tazama jina lako limeandikwaje, na kama lina kosa lirekebishwe ukiwa bado kazini. Hifadhi karatasi ya kuajiriwa, ya kuhamishwa na ya kupandishwa cheo katika bahasha moja, na mke wako au mume wako ajue bahasha hiyo iko wapi. Mwandikishe mwenzio na watoto wako kwa majina yao ya kisheria. Akiba haiozi, lakini akiba isiyo na jina huliwa na nondo.

Nanyi makarani wa mishahara, mnaokaa na madaftari hayo, mjue kwamba kalamu yenu ina uzito kama silaha. Mstari mmoja mnaouruka leo kwa sababu ya uchovu wa mwisho wa mwezi utakuwa chakula kilichopungua mezani kwa mtu mwaka 2045.

Taifa letu limejifunza kuviunganisha vyombo vilivyokuwa mbalimbali na kuvifanya kitu kimoja, nasi twaona fahari juu ya hilo. Muungano huo haujakamilika mpaka hesabu ya yule askari mkongwe iwe nayo imeunganishwa. Haba na haba hujaza kibaba: miaka 9 ya huku na 11 ya kule ni kibaba kilichojaa, ikiwa tu yupo wa kuimimina pamoja. Siku askari huyo atakapovua sare kwa mara ya mwisho na kurudisha bohari alichokabidhiwa, na mtunza bohari akamwambia hana deni, sisi nasi tuwe tumekwisha kumlipa lake.